Aliuliza Koo, Akajibiwa Ng'ombe

Saa tatu asubuhi, soko la mifugo la Ogwedhi limeshachemka. Fahali mmoja amekataa kuuzwa na anawagawia wenye pesa mateke. Katikati ya vumbi hilo anapita mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, faili kwapani, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni kama cha mtoto anayelishwa uji.

"Mama, unauza ama unanunua?" dalali anamwuliza.

Jedidah Nyasuna anaingiza kidole gumba chini ya kitambaa, anabonyeza, ndipo sauti inatoka, nzito, ya kukwaruza.

"Nauza maswali. Wewe, ukimeza ugali unapita vizuri?"

"Ukiwa na nyama unapita mbio."

Anacheka bila sauti na kuandika.

Jedidah anakusanya majibu ya utafiti wa magonjwa ya kichwa na shingo katika kaunti za Migori na Homa Bay. Watafiti wanataka kujua kwa nini mtu hukaa na uvimbe wa shingo, kidonda cha mdomo au sauti iliyokauka mwaka mzima kabla ya kumwona daktari. Malipo ni shilingi mia tisa kwa siku, viatu juu yake.

Jibu la watafiti yeye analo mwilini. Miaka saba iliyopita alikuwa akipalilia miwa Awendo na kuongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa. Sauti ikaanza kumkwama, na majirani wote wakawa madaktari.

"Mmoja alisema tangawizi. Mwingine akasema nimemeza mwiba wa samaki. Shemeji yangu akasema Mungu amesikia maombi ya mume wangu," anasimulia.

Alikunywa tangawizi miezi kumi na minne. Alipofika hospitali, saratani ilikuwa imeshakula kisanduku cha sauti, kikatolewa chote. Sasa anapumua kwa tundu lililo shingoni. Akiliziba kwa kidole, hewa hupita kwenye kidude cha plastiki naye akaweza kusema.

"Niliambiwa nikae nyumbani nipumzike. Nipumzike nini? Miguu haikuwa na saratani!"

Utafiti ulipotangaza kazi ya kuuliza maswali, alifika wa kwanza. Bwana mmoja mezani akataka kujua kama mtu asiye na sauti ataiweza kazi ya kuongea. Jedidah alimjibu kwamba tangu aanze kuongea kwa kidole hajasema neno la bure. Bwana huyo akaliandika jina lake.

Shida ililetwa na karatasi. Dodoso liliandikwa mjini na wasomi, likaja na amri yake: soma kila swali lilivyo, usiongeze wala usipunguze. Swali la nne liliuliza, "Je, koo lako limewahi kuwa na shida?"

Vitabuni, koo la kumezea ni "lako" na koo za jamaa ni "zenu", kila moja likikaa kwake kwa heshima. Ogwedhi, ambako Mjaluo, Mkuria na Mmaasai hukutana kwa Kiswahili cha kupigania bei, "lako", "yako" na "zenu" hulala kitanda kimoja.

Mzee Gisiri, mfugaji Mkuria wa miaka sabini na mmoja, aliposomewa swali hilo alivuta kiti karibu.

"Koo yangu haina shida," alisema. "Shida ni koo ya ng'ambo ya mto. Andika. Ng'ombe watatu, mmoja ana baka jeupe."

"Mzee, nauliza koo."

"Na mimi nakujibu koo! Umetumwa uandike ama ubishane?"

Hakumtazama shingo hata mara moja. Mzee mwenye adabu hakodolei macho kidonda cha mke wa mtu. Jedidah alipiga simu ofisini. Akaambiwa aandike anachojibiwa. Akaandika ng'ombe watatu walioibwa, baka la mmoja, na tarehe ya wizi.

Wiki tatu zilipokwisha, madodoso 142 ya Ogwedhi yalikuwa yamejaa mipaka iliyosogezwa na mahari yasiyokamilika. Ndipo Willis, kijana anayesimamia takwimu, alipompigia simu: Ogwedhi inafutwa kwenye utafiti. Mahali palipofutwa hapangepelekewa kliniki ya daktari wa koo kila mwezi.

Lakini Jedidah alikuwa ameona kitu kisichokuwa na nafasi kwenye karatasi. Chini ya shuka aliyojizungushia shingoni, Mzee Gisiri alificha uvimbe mkubwa kama yai. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Willis, mjini Migori.

"Mama, watu wako hawakuelewa swali," Willis alimwambia.

"Watu wangu wanaelewa. Ni swali halikuwaelewa."

"Lakini sheria ya utafiti..."

"Omera, ndugu yangu, sheria ilisema niandike wanachosema. Sasa mnawafuta kwa sababu wamesema? Anza kunifuta mimi. Halafu nenda mwenyewe ukamweleze yule mzee. Beba chakula, ana ng'ombe watatu wa kuzungumzia."

Willis alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliwaomba wakubwa wake wampe Jedidah siku kumi arudie nyumba zote, kwa swali atakalolitunga yeye, mradi kila mtu asomewe maneno yaleyale. Wakakubali shingo upande.

Jedidah alichagua maneno machache na mkono mmoja. Alipapasa shingo na kuuliza, "Hapa pamewahi kuvimba? Ukimeza ugali, unapita?" Aliuliza hivyo mara 142, kwa mguu, mvua ikinyesha.

Siku ya sita alifika tena kwa Mzee Gisiri. Akafungua kitambaa.

"Mzee, tazama. Leo nimekupa ruhusa."

Mzee alilitazama lile tundu kwa muda mrefu. Kisha akaishusha shuka yake polepole.

"Hii nilidhani ni yangu peke yangu," alisema.

"Ilianza lini?"

"Mwezi ule ng'ombe walipoibwa."

Jedidah alifungua lile dodoso la kwanza, akaisoma tarehe ya wizi. Miaka miwili na miezi minne.

Watu kumi na tisa walikutwa na dalili. Ogwedhi ikabaki, na mwezi uliopita daktari alikaa hapo kwa mara ya kwanza. Uvimbe wa Mzee Gisiri ni wa tezi, si saratani, anangoja kupasuliwa. Wawili wana saratani. Mmoja ameanza matibabu, na wa pili, mama wa watoto watano, amekataa katakata.

"Nimekwenda mara tatu, ananifukuza. Nitakwenda ya nne," anasema Jedidah. "Akinichoka mimi, huenda akaona afadhali hospitali."

Baada ya hapo ni Ndhiwa, ambako watafiti wanataka kuuliza habari za masikio. Jedidah amekataa kupokea dodoso lililokwisha kupigwa chapa. Anataka waje nalo sokoni kwanza, lisomwe kwa sauti mbele ya wauza mbuzi, na wakicheka pasipochekesha, lirudi likaandikwe upya.

Je, watafiti wamekubali?

"Mmoja amekubali. Wengine wanafikiria," anasema, akilisukuma kando tako la ng'ombe lililomzibia njia. "Wafikirie upesi. Jumatatu naingia Ndhiwa, na penseli ya kusahihishia ninayo."