Lambo la Mdogo Wangu

Mimi ni mtoto wa kwanza, na kwa miaka mingi sikuwahi kumwonea gere mdogo wangu kwa lolote. Gere lilianza kwa maji.

Tulichimba malambo yetu kiangazi kimoja, kwa katapila moja, huku nje ya Ihumwa ambako mashamba yetu yamepakana. Langu lilitoka kubwa zaidi, na nilihakikisha kila mtu anajua. Kingo nilizikata wima ili shimo libebe maji mengi. Ng'ombe nikawaacha waingie wapendavyo, maana kwetu raha ya mfugaji ni kusimama ukingoni, kuwapigia mluzi na kuwatazama wakinywa huku maji yamewafika tumboni, wapita njia wakiona.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kufanya kazi ya shamba Kondoa, na huko alijifunza mambo yake. Kingo alizilaza, hata bibi kizee angeteremka bila kushikwa mkono. Akaleta viroba vya mizizi ya majani, akapanda ukingo mzima, wiki nzima ameinama. Pale mkondo wa mvua unapoingilia alichimba kishimo akakipanga mawe, ili tope libaki hapo. Akazungushia ua wa miiba na kupitisha bomba chini ya tuta mpaka kwenye birika la saruji, ng'ombe wanywee nje.

"Ng'ombe wako wanawekewa maji kwenye bakuli, kwani wanaumwa?" nilimuuliza.

Akacheka, akaendelea kupanda.

Msimu wa pili wa mvua maji yangu yalikuwa matope ya kukandikia nyumba ya tembe. Kwato zilibomoa kingo, mvua ikasukuma udongo ndani, na kina kikazidi kupungua. Kwake uliona kokoto chini ya maji. Nilikuwa napita pale kila siku bila haja yoyote ya kupita, naangalia tu, naondoka roho ikiniuma.

Mama yetu alikuwa akiishi kwangu. Asubuhi moja nilimkuta anarudi na ndoo ndogo kutoka kwa mdogo wangu.

"Ya kwako ni ya kunawia miguu, mwanangu," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Chai nachemshia ya mwenzako. Na kiangazi kikikaza nitahamia kwake, nimechoka kutembea na ndoo."

Kijiba cha roho kilinishika. Mama ahame kwa mkubwa aende kwa mdogo, na majirani wote wamwone amebeba kitanda chake! Dawa niliijua, ilikuwa mbele ya macho yangu: nilaze kingo, nipande majani, niwazuie ng'ombe. Lakini kufanya hivyo kulikuwa kukubali kwamba mdogo ndiye mwenye akili. Niliona afadhali maji yake yachafuke kuliko yangu kutakata.

Siku ya mnada aliondoka na mbuzi wake mapema. Mchana nikavuta miiba ya ua, nikawaingiza ng'ombe wangu wote. Walikanyaga yale majani mpaka mizizi ikatoka, ukingo mmoja ukateleza, na maji yakageuka rangi. Niliwapigia mluzi. Nikiri kwamba nilifurahi, tena sana. Kisha nikawatoa, nikarudisha miiba mahali pake.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Kuna ng'ombe waliingia lamboni jana. Twende ukanisaidie kusoma nyayo."

Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma nyayo, tulipokuwa tunachunga pamoja. Kwetu kila mtu anajua alama ya ng'ombe wake. Nilikwenda kwa sababu kukataa kungekuwa kusema kwamba ni mimi. Na pale penye unyevu, wazi kabisa, ilikuwepo alama ya dume langu, ambalo ukwato wake mmoja umepasuka na huuburuta likitembea. Mdogo wangu alichuchumaa mbele yake muda mrefu. Nilisimama nyuma yake.

Mama alikuwa anateremka na ndoo yake. Aliyaona maji, akasimama.

"Ni ng'ombe wa nani?" aliuliza.

Mdogo wangu aliinuka, akaweka kandambili yake juu ya ile alama, akaisugua mpaka ikapotea.

"Wa wapita njia tu, mama. Wameshaenda."

Hakunitazama. Alifuata kiroba cha mizizi, akanipa nusu, tukaanza kupanda upya, yeye upande huu na mimi ule. Mama alihamia kwake kabla wiki haijaisha, nami ndiye niliyembebea kitanda.

Hata lile la kandambili nimemwonea wivu. Tangu siku ile nimekuwa nikimtafutia kosa moja tu alilonitendea, ili na mimi nimsamehe, na sijalipata.