Kidole Changu Kwenye Chemchemi ya Carama

Nyumba yangu ya hapa mtaa wa Carama nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na shule niliiacha darasa la pili. Kwa hiyo nilipoona tajiri mmoja akiizungushia ukuta chemchemi yetu, sikumuogopa. Bomba likikauka, mtaa mzima unachota pale. Wiki mbili nilipita nyumba kwa nyumba, magoti yakiuma, nikakusanya sahihi za majirani, nikampelekea shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu.

Hakuzisoma. Alitoa karatasi ya mauzo ya kiwanja cha yule tajiri, akagusa alama ya wino chini yake.

"Muzee, hiki kidole ni cha nani?"

Kilikuwa changu. Kwetu kiwanja kikiuzwa, mashahidi wanapewa bia, wanakunywa, kisha wanaweka kidole. Mi nilikunywa mbili. Mipaka ilisomwa kwa Kifaransa, nikaitikia kwa kichwa, maana niliona aibu kuuliza.

"Sikujua kama chemchemi iko ndani."

"Lakini bia uliiona, muzee," akasema, na watu wakacheka. Mi pia nilicheka kidogo.

"Andika basi kwamba shahidi alikosea. Nitaweka kidole tena."

"Apana. Peleka kwa komine."

Nimepeleka huko, ofisi iliyo juu ya shefu. Hii ni mara ya nne naambiwa nirudi. Ukuta umefika kifuani, na mke wangu anachota maji mbali. Siku hizi wakiniita kushuhudia mauzo, natembea kwanza kona zote nne za kiwanja. Bia inapata joto, wananinunia. Wasubiri.