Utandu wa Kaburi la Muleba

Saa moja asubuhi, umande bado unadondoka migombani, Ildefons Kyaruzi amepiga magoti mbele ya kaburi la familia moja ya Buhembe, mjini Bukoba. Analimwagia maji, anasubiri, kisha anasugua kwa ganda laini la mgomba. Karibu na herufi za jina anaacha kusugua, ingawa utandu wa kijivu bado umezifunika.

“Hapa siendelei,” anasema.

Kyaruzi, 58, husafisha makaburi yaliyo vibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, hasa Desemba, ndugu wa mbali wanapokaribia kurudi kwa Krismasi. Kaburi moja Sh15,000. Zamani alitumia brashi ya waya, na watu walimsifu kwa kung’arisha.

Brashi hiyo ndiyo aliyokwenda nayo Muleba miaka minane iliyopita, kwa Mama Kokuhirwa. Kaburi la mwanawe, Damian, lilikuwa limefunikwa na utandu. Jina la mtoto liliandikwa na baba yake kwa kidole, saruji ikiwa mbichi. Baba huyo naye alikwishafariki.

Kyaruzi alisugua mpaka saruji ikawa nyeupe. Jina likaondoka na utandu.

Mama alitoka na chai. Akainama, akapitisha kidole palipokuwa na herufi, kama alivyozoea kila Jumapili baada ya misa. Hakufoka. Kyaruzi alipoomba alichonge jina upya, mama alikataa.

“Waitu Ildefons, jina ninalo,” alimwambia kwa heshima ya Kihaya. “Mkono wa mume wangu ndio sina tena.”

Baadaye mwalimu mstaafu wa baiolojia, Kahigi, alimweleza kwamba utandu ule ni kuvu na mwani vilivyoungana, na wataalamu huuita likeni. Neno hilo ni la Kigiriki cha kale, na inasemekana shina lake ni kulamba, kwa jinsi unavyotambaa juu ya jiwe kama ulimi.

“Nilidhani unalila jiwe,” anasema Kyaruzi, macho yakiwa kwenye ganda mkononi. “Kumbe ulikuwa unalilamba tu. Aliyekula ni mimi.”

Mwalimu alimwambia pia kwamba likeni hukua polepole mno, na hupenda kushika penye mikwaruzo na unyevu, hata mikwaruzo hafifu ya herufi zilizofutika. Tangu hapo, kila Desemba Kyaruzi hupanda basi hadi Muleba bila brashi. Mwaka jana aliona vidoa vitatu vya kijivu. Mama Kokuhirwa, ambaye macho yake yamefifia, alimuuliza vimekaa wapi.

“Nilimwambia kimoja kipo pale D ilipoanzia,” anasema. “Namwomba Mungu ampe miaka, viungane.”