Mama Mdogo Mmormoni na Ubatizo wa Shema

Harufu ya chai ya maziwa iliyopoa bila kunywewa hunitia wasiwasi hadi leo. Hunirudisha upande wa Niboye, kwenye nyumba yetu ya matofali ya udongo, msimu wa masika wa mwaka 1993, nilipokuwa nimetimiza miaka minane na naogopa karibu kila kitu. Vita vilikuwa kaskazini mwa nchi, lakini Kigali yote ilikuwa imejaa habari zake: watu waliokimbia makwao, vizuizi barabarani, redio iliyowafanya wakubwa wanyamaze ghafla sisi watoto tukiingia. Baba alikuwa dereva wa lori na alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka. Nyumbani tulibaki mama, mimi, bibi mzaa mama tuliyemwita Nyogokuru, na mdogo wangu Shema, mwanamume pekee, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu mama alikulia Bukavu, na Nyogokuru alijifunzia sala zake zote huko.

Kisha akaja mama mdogo Veneranda, mdogo wake mama, kutoka Ubelgiji alikokwenda kusoma. Nyogokuru alimpikia chai ya maziwa yenye tangawizi, akaonja kwanza yeye mwenyewe kama ilivyo desturi yetu, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu kibaya ndani, halafu akampa kikombe. Veneranda akakiweka chini. Alisema dini yake mpya inamkataza chai, kahawa na pombe. Kwetu, anayekataa kinywaji ambacho mwenyeji amekwisha kukionja amesema bila kufungua mdomo kwamba anaogopa sumu. Nyogokuru alimtazama bintiye. "Mimi nikuroge? Mimi nilikuzaa?" Veneranda alilia, akaeleza na kueleza, lakini kikombe kilibaki pale mezani hadi maziwa yakaganda utando. Ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno Wamormoni. Kufikia jioni wanawake wa bombani walikuwa wamelisikia pia, na siku zile kuwa tofauti na wenzako halikuwa jambo la mzaha. Majirani walianza kuuliza huyu binti ametumwa na nani.

Mimi nilimpenda, na ndiyo maana nilihangaika. Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na kila nilichofundishwa na katekista, mama mdogo alikuwa na jibu lake, tukichambua maharage kibarazani. Katekista alisema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, tena ni roho, hana mwili. Mama mdogo alisema Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na Mwana vilevile, na Roho Mtakatifu peke yake ndiye asiye na mwili. Ni watatu mbalimbali, ila nia yao ni moja. Katekista alisema roho zetu huumbwa tunapotungwa tumboni. Mama mdogo alisema tuliishi kwa Mungu kabla ya kuzaliwa, na kwamba mimi na yeye huenda tulijuana huko. Alikuwa na kitabu kingine kando ya Biblia, na aliamini manabii wapo hata sasa. Nilimsikiliza huku nikiangalia mlangoni, nikiogopa mtu asije akatusikia.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Shema. Alikuwa bado hajabatizwa. Tulikuwa tunamsubiri baba. Kwa Nyogokuru, kila mtoto huzaliwa na dhambi ya Adamu, na akifa kabla ya maji hajulikani anakwenda wapi. Kwa mama mdogo, mtoto halipi deni la Adamu. Hana dhambi hadi atimize miaka minane, na hapo ndipo huzamishwa mzima mzima majini na mwanamume mwenye ukuhani. Mama aliegemea upande wa mdogo wake, akasema tusubiri. Mimi nilipiga hesabu yangu ya kitoto: kwa bibi, Shema yuko hatarini, kwa mama mdogo, niliye hatarini ni mimi, niliyekwisha kutimiza minane. Nilipomuuliza katekista, alinijibu kwamba ubatizo wa Wamormoni si ubatizo, na anayeuacha ukweli baada ya kuujua amepotea. Tangu hapo nilikuwa na watu wawili wa kuwaogopea, Shema na mama mdogo.

Shema alipatwa na homa mchana mmoja wa mvua kubwa. Alianza kwa kulia, kisha akaacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Mama alijifunika kanga akatoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali, akituacha sisi watatu na mtoto. Macho ya Shema yalipinduka, ukaonekana weupe mtupu. Nyogokuru akaniagiza maji ya kunywa kwenye kikombe; katekista alikuwa ametufundisha kwamba anayekaribia kufa anaweza kubatizwa na mtu yeyote.

"Mama, huyu hana zambi," mama mdogo alisema, akiwa amempakata mtoto. "Mungu atamupokea vile iko."

"Wewe ulisoma, unajua. Mimi sijue. Mimi niko naogopa tu."

Nilileta maji. Sikujua kama mama mdogo atamsukuma mama yake au atamkimbiza mtoto chumbani. Nyogokuru alishika kikombe kwa mikono miwili, na bado maji yalimwagikia miguuni kwake. Akamimina kidogo kwenye paji la Shema, akafungua mdomo, na hofu ikamvuruga: badala ya maneno ya ubatizo, ikatoka Salamu Maria. Akaanza upya, ikatoka ileile. Aliyajua maneno yale maisha yake yote na sasa yamemkimbia. Aligeuka kutuangalia, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima umeogopa namna ile.

Mama mdogo akakiinua kichwa cha Shema karibu na kikombe. "Sema, Mama: nakubatiza," alinong'ona. "Kwa jina la Baba." Nyogokuru akafuata, akimimina. "Na la Mwana." Akafuata. "Na la Roho Mtakatifu." Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata sikusikia amina.

Mama alirudi na gari la mfanyabiashara mmoja wa jirani. Ilikuwa malaria, na Shema alipona. Baadaye nilimuuliza mama mdogo kwa nini alisaidia jambo asiloliamini. Aliniambia, "Mungu hatakasirika. Na Mama atalala."

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mauaji ya kimbari yalipoanza, mama mdogo Veneranda aliuawa kwenye kizuizi karibu na kwetu, na watu waliomjua kwa jina. Hawakumuuliza kama Mungu ana mwili au hana. Sisi wengine tulifichwa, tukapona. Siku hizi Kigali mtu hukutana na vijana wa Kimormoni wawili wawili, mashati meupe, na watu huwapa viti na kubishana nao wakicheka. Shema ni baba wa watoto sasa, na nikimsimulia habari ya ubatizo wake hutabasamu kama naongea juu ya mtu mwingine. Hofu yangu ya utotoni, ya maji na umri na nani kabatizwa vipi, naiona ndogo nikiipima na ile iliyokuja baada yake. Lakini sehemu moja yake haikuisha. Nyogokuru alipokuwa mgonjwa, miaka mingi baadaye, nilijipa moyo nikamuuliza mama mdogo yuko wapi.

Alivuta shuka. "Sijue," alisema. "Nikifika kwa mulango, nitauliza kwanza kama iko ndani. Kama haiko, siingie. Nitakaa inje na mutoto wangu."