Fundi wa Pancha Aliyemsema Mwanawe Redioni

Saa mbili unusu asubuhi, safari ya Austin imeshaanza, na tayari imekwama.

Begi lake jeusi limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki ya Ngigi, kijana wa boda. Pasipoti iko mfuko wa ndani wa jaketi. Ameshaagana na mamake mlangoni, ameshapita kanisa, ameshapita bucha, na barabara ya Namanga inaonekana pale mbele na malori yake ya simiti. Ndipo gurudumu la nyuma linaanza kuyumba kama mlevi, na Ngigi anapunguza mwendo.

"Bro, tumepata pancha," Ngigi anasema. "Na fundi wa karibu unamjua ni nani."

Austin anajua. Anashuka, anavuka mtaro, anasimama karibu na nguzo ya stima na kuwapa watu wote mgongo.

Fundi wa karibu ni babake.

Khisa, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ameinama juu ya beseni la maji. Ana kofia ya sufu, ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya bluu, na vidole ambavyo sabuni imevikatia tamaa. Anainua kichwa, anaona begi, anaona mgongo wa mwanawe. Hamsalimu. Wala mwanawe hamsalimu. Tangu Januari hawajasemezana, ingawa wamekuwa wakilala nyumba moja na kula kutoka sufuria moja.

"Leta," anamwambia Ngigi.

Nyuma yake, kwenye matairi makuukuu yaliyopangwa duara, baraza la mashabiki wa mpira limenyamaza. Na hilo baraza likinyamaza, ujue kuna jambo.

Khisa alifika Kitengela kutoka Kimilili akiwa kijana wa kubeba mifuko ya simiti kiwandani. Kandarasi ilipoisha, alibaki na spana mbili na pampu ya mkono. Pancha ya pikipiki ni shilingi mia moja. Siku nzuri, kabla ya mambo kuharibika, alikuwa akienda nyumbani na elfu moja na kitu. Lakini ukiuliza watu wa mtaa kwa nini walipita mafundi wengine wakaja kwake, hawakuambii habari ya viraka. Walikuja kwa mpira.

Kila Jumamosi Khisa alifagia sakafu ya saruji iliyo mbele ya kibanda, akapanga nati kumi na moja za magurudumu ya lori. Hiyo ndiyo timu ya taifa. Adui alikuwa vifuniko vya soda. Mtu akitaka kubadilisha mfumo alichuchumaa, akasukuma nati, akajitetea.

"Kochi ameweka washambuliaji watatu na hakuna mtu wa kuwapa mpira," Ouma alizoea kusema. Ouma ni karani anayepanga nyumba nyuma ya stendi. "Ni kama kuweka sahani tatu mezani na ugali haujasongwa."

"Wewe Ouma ungekuwa kochi, tungefungwa hata na kwaya ya kanisa," Kahiga alimjibu. Kahiga alikuwa na duka la chakula cha kuku ng'ambo ya barabara, na kawaida alilifunga mpira ukinoga.

Hata wafugaji waliotoka upande wa Isinya na pikipiki zenye vumbi walisimama wakisikiliza. "Sopa, mzee," mmoja angesalimu kwa Kimaasai, na kabla ya kuitikiwa tayari kidole kiko kwenye nati ya kipa. "Huyu mutoe. Huyu anaogopa mupira kama ni nyoka."

Baraza hilo lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyokuja kumla Khisa.

Iliwekwa na Kathini, mama anayeuza chai na mandazi kando ya kibanda. Ilikuwa siku Ouma na Kahiga walipokamatana mashati kwa sababu ya makipa wawili. Ouma alimtaka wa kwao, Kahiga akamtaka wa kwao. Birika la Kathini likapigwa teke, chai ikamwagika kwenye vumbi.

"Kwani watu wenu hawana makosa?" Kathini aliwauliza, mwiko mkononi. "Kuanzia leo hapa hakuna kutetea mtu wa kwenu. Mtu wa kwenu akitajwa, ama unyamaze, ama useme makosa yake. Asiyetaka, chai yangu hanywi."

Walicheka, lakini waliishika. Ouma akamponda Mjaluo mwenzake. Kahiga akamtoa kikosini kijana wa Murang'a. Sheria ikawapa sifa. Watu walisema, nendeni kwa Khisa, pale hakuna ukabila.

Kisha mwaka jana, mwishoni, Austin akaitwa kwenye kambi ya timu ya taifa.

Austin, ishirini na mbili, beki wa kushoto. Alilelewa na ule uwanja wa mawe nyuma ya soko, akachezea timu ndogo ya Kajiado, halafu klabu ya ligi. Kambini waliitwa wengi, na ilijulikana kuwa karibu theluthi watarudishwa nyumbani kabla ya mechi ya kufuzu. Nanjala, mamake, alifunga na kuomba. Khisa alinunua nati mpya, inayong'aa, akaiweka nafasi ya namba tatu.

Jumamosi kabla ya kikosi kutajwa, redio moja ilileta gari lake Kitengela kurusha matangazo kutoka barazani. Mtangazaji alikuwa ameshasikia kuwa baba wa namba tatu ndiye mwenye kibanda. Akamsogezea kipaza sauti.

"Mzee, tuambie. Kijana wako anastahili?"

Watu waliokuwepo wanasema Khisa alitazama lile duara la matairi. Kila mtu alikuwa akimtazama yeye. Kahiga alikuwa ametabasamu, kama mtu anayesema, haya, leo ni zamu yako.

"Huyo namba tatu," Khisa alianza, "mguu wake wa kulia ni wa kupandia gari tu."

Kicheko kikapasuka.

"Akienda mbele kushambulia, kurudi anangoja atumiwe nauli. Na hilo goti la kushoto, tangu aanguke pale Kajiado, asubuhi ya baridi halimtii. Mimi kama ni kochi, ningefikiria."

Baraza lilipiga makofi. Ouma alisimama kabisa kwenye tairi. "Huyo ndiye mzee!" alipaza sauti. "Hapa hata mtoto wa kuzaa haponi!" Mtangazaji alisema hajawahi kukutana na shabiki mkweli namna hiyo, na hadi jioni sauti ya Khisa ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu, imewekewa muziki chini.

Ilifika kambini. Wachezaji wenzake walimwamsha Austin kwa kumchezea sauti hiyo kwenye simu, wakicheka, "Nauli! Nauli!" Kicheko hicho angekivumilia. Kilichomuua ni goti. Hakuwa ameliambia benchi la ufundi habari ya goti. Kesho yake daktari wa timu alimwita, akamlaza, akalibonyeza, akamwambia achuchumae na kuruka mara kadhaa.

Orodha ilipotoka, jina lake halikuwepo. Kochi hakutoa sababu. Huenda wangemwacha tu, hata bila redio. Huenda goti lingejulikana kwa njia nyingine. Baraza lilijadili hayo kwa wiki nzima, Khisa akiwa amekaa hapo hapo katikati yao, akipaka gundi.

"Mimi kazi yangu ni kuonyesha penye panavuja," Khisa anasema ukimwuliza. "Nimefanya hiyo kazi mpaka imeniingia kichwani. Na tena kwetu mtoto hasifiwi na babake mbele ya watu, ni kama kumwitia jicho baya. Niliona nikimsema mimi, wengine watakosa la kusema."

Nanjala hana subira na maelezo hayo. Anasonga ugali akiyasikiliza, na mwiko unagonga sufuria kwa nguvu zaidi.

"Hiyo sheria yao ilisema ama useme makosa, ama unyamaze," anasema. "Unyamaze! Ilikuwa hapo. Baba Austin alikuwa na ruhusa ya kunyamaza. Lakini makofi ni matamu."

Klabu nayo ikasita. Goti likishatajwa na timu ya taifa, nani atakuandikisha upya? Mkataba wake ulipoisha Januari, hakuna aliyempigia simu. Austin akaacha kufanya mazoezi, akaanza kwenda Nairobi kwa wakala wa kazi za nje. Ulinzi, huko Ghuba.

Mechi yenyewe ilichezwa. Beki wa kushoto aliyechaguliwa alitoka nje akichechemea kabla ya mapumziko, akaingizwa mtu wa mguu wa kulia, na bao la pekee likapita upande huo huo. Timu ikatolewa mashindanoni. Jumamosi iliyofuata watu walikuja kibandani, wakakaa, Khisa akapanga nati. Alipanga kumi. Kahiga alichukua kifuniko cha soda, akakiweka palipokuwa wazi, kisha akakiondoa tena.

Sasa Khisa amechomoa tyubu ya Ngigi. Anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni, anaizungusha taratibu. Mapovu yanatoka. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole cha mtoto. Anauchomoa, anapiga msasa, anapaka gundi, anabandika kiraka. Kisha anairudisha tyubu majini na kuendelea kuizungusha.

"Mzee, si hiyo imetosha?" Ngigi anauliza, akitazama saa ya simu. "Ndege haingoji mtu."

"Kuna ingine."

Kweli iko. Povu dogo, moja moja, kama samaki anapumua. Fundi mwingine angeiacha, ingemfikisha Ngigi uwanja wa ndege na kumrudisha. Khisa anapiga msasa upya. Hakuna anayeweza kusema kama anafanya kazi yake au anamchelewesha mwanawe.

Kathini anavuka mtaro na kikombe cha chai. Austin anakipokea kwa mikono miwili. "Asante, mathe," anasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu ashuke.

Kathini anarudi, anasimama mbele ya Khisa, mikono kiunoni.

"Khisa. Ile sheria ni yangu. Niliiweka mimi, na leo nimeitoa. Umesikia? Haiko tena. Mtetee mtoto."

Ouma anatazama viatu vyake. Kahiga anakohoa. Khisa ameshika tyubu inayodondosha maji, anaonekana kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Krosi zake," anasema, akiongea na tyubu. "Krosi za mguu wa kushoto, Kajiado hii yote sijaona nyingine kama hizo. Na ana roho. Tukifungwa, yeye ndiye anaenda kutoa mpira kwenye wavu mwenyewe, anakimbia nao mpaka kati. Wengine wanashika viuno. Yeye hapana. Hata alipokuwa mdogo, hapana."

Austin anageuka. Uso wake hauna hasira, na hilo ndilo baya zaidi.

"Hiyo ungeambia redio, baba."

Anavuka mtaro, anamrudishia Kathini kikombe. Ngigi anafunga gurudumu, anapiga kiki, na Austin anapanda, mkono mmoja nyuma kushika begi. Pikipiki inaingia barabara ya Namanga katikati ya malori mawili. Mwishowe ni jaketi tu, kisha hata jaketi halipo.

Khisa anamwaga maji ya beseni, ingawa bado ni safi, na kuanza kuteka mengine.

"Lakini mimi bado nasema," Kahiga anajaribu, "tungecheza na mabeki watano..."

Kathini anaenda kusuuza kikombe.

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni Agosti, na asubuhi za Kitengela ni za baridi.

Austin analinda lango la ghala huko Ghuba, kwa zamu za saa kumi na mbili. Nanjala anasema goti halimsumbui, kwa sababu huko hakuna baridi. Hachezi mpira. Humpigia mamake simu kila Ijumaa. Hajawahi kuomba kuongea na babake.

Kochi alifutwa. Aliyekuja baada yake ana beki wake wa kushoto, na mashabiki wameshaanza kumlaumu.

Ouma amehamia Embulbul na mkewe, Elsie, karibu na kazi ya mkewe. Hajarudi kusalimia. Kahiga alifunga duka baada ya ugonjwa kumaliza kuku wa wateja wake, na siku hizi anazungusha watu kuwaonyesha ploti za wenyewe Isinya. Ngigi anaendelea na boda, lakini pancha anazipeleka kwa fundi wa upande ule mwingine. Kathini bado anauza chai, kwa watu wanaoinywa wakiwa wamesimama. Siku ikiwa nzuri, Khisa anapata mia nne.

Yeye naye anapanga kuhama. Amepata nafasi kando ya barabara, karibu na mashamba ya maua Isinya, ambapo malori hupita na hakuna anayekaa kungoja. "Huko nitafanya kazi tu," anasema. Tumaini lake ni kwamba Ijumaa moja Nanjala atamnyooshea simu.

"Nikipewa sitataja mpira," anasema. "Nitamwuliza kama amekula."

Hajapewa.

Matairi ya baraza yamenunuliwa na mtu anayetengeneza viatu vya akala. Nati kumi zimerudi kwenye mkebe. Ile mpya, ya namba tatu, Khisa aliifunga kwenye gurudumu la lori la mchanga lililokuwa limeangusha yake njiani, na lori likaenda zake.