Mwenye Simba

Paka wa jirani akikojoa mlangoni pangu hapa Masasi, nalikumbuka lori lile. Lilisimama kijijini kwetu likitokea Newala, limebeba simba wawili wa kuachiliwa kwenye hifadhi ya mtu binafsi iliyopakana na mashamba yetu, ambako simba walikuwa wamekwisha. Harufu hiyohiyo ya mkojo ilitoka kwenye matundu ya makreti yao.

Kwetu simba akila mtu, husemwa katumwa na mwenyewe, mchawi anayemfuga. Babu aliliwa, mwenyewe hakujulikana.

“Shikamoo, bibi,” alisema kijana wa hifadhi.

“Marahaba,” bibi yangu aliitikia. “Simba hawa wana mwenyewe?”

“Ni mimi, bibi!” alicheka. “Nimewalea. Nikiwaita wanakuja.”

Watu walirudi nyuma. Akadhani wanawaogopa simba.

Nyumbani bibi alimwambia mama, “Leo huendi kulinda shamba.”

“Nguruwe wakimaliza mihogo, mama, tutakula hao simba?”

Mama alibeba debe la kufukuzia nguruwe, akaondoka. Wakati wa chakula tulilisikia likigongwa kule shambani, na kila liliponyamaza, bibi aliacha kutafuna.