Riwaya ya yaya ilistahili filamu, lakini daftari la nne nililichoma mimi

Wakuu, salamu kutoka Uvira. Mmeulizana humu ni riwaya gani za sayansi ya kubuni zinazostahili filamu. Yangu hamjaisoma. Nitasema yote, hata niliyoficha nyumbani.

Iliandikwa na yaya, dada yangu mkubwa, kwa kalamu ya biki, katika madaftari manne ya shule.

Humo, ziwa linapanda kila mwaka. Ufukweni kuna mashine inayomtajia kila mtu siku ambayo maji yatafika mlangoni kwake. Watu wanapanga harusi kwa kuifuata. Nabintu, fundi wa hiyo mashine, anatafuta jina lake ndani. Halimo.

Daftari la tatu linaishia hapo.

(Sisi wa mtaa wa Rugenge maji tumeyaona sebuleni. Kilichobuniwa ni mashine tu.)

Yaya alinipa la nne nisome. Nikamwambia, "Nimeshajua. Huyo Nabintu amekwisha kufa, ndiyo maana."

Akacheka. "Weye kila kitu kufa tu. Soma kwanza."

Sikusoma. Baada ya wiki nilimrudishia.

"Mwisho umeuonaje?"

"Iko muzuri."

Alinitazama kidogo, akalitia ndani ya mfuko wa godoro lake. Hakuniuliza tena.

Kisha kipindupindu kilimchukua kwa siku mbili.

Kwenye kituo cha afya walituambia tuoshe vitu vyake kwa klori na kuvianika. Mimi niliogopa. Nilibeba godoro pamoja na shuka zake nyuma ya nyumba, nikalichoma bila kukagua. Moto ulipofika katikati nikaona karatasi zinajikunja, na mwandiko wake.

Mama nilimwambia daftari lilienda na mafuriko. Bado anaamini hivyo.

Majuzi jamaa mmoja wa mtaa wa Songo, mpiga video za harusi, alisoma yale matatu. Alitaka kweli kutengeneza filamu.

"Kaka, kaye ya ine iko wapi?"

"Daftari la ine? Haiko."

"Basi tubuni. Tuseme aliokoka, watu watapenda."

"Miye siwezi. Yaya nilishamudanganya mara moja."

"Sasa filamu bila mwisho, nani ataangalia?"

Aliyaacha madaftari kwenye kiti, akaenda.

Nilichojifunza ni kidogo: mtu wako akikupa kitu usome, soma akiwa bado anaweza kukuuliza.

Yaya alikuwa akiwasimulia watu hadithi zake kwenye foleni ya maji. Kama ulikuwepo, niandikie hapa chini kwa nini jina la Nabintu halikuwemo.

Hata kama siku ile nilibahatisha sawa, kwamba amekwisha kufa.